Tiba ya Mtoto Mwenye Matatizo Makubwa ya Tabia Pamoja na Mzazi Wake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mzazi au mlezi ambaye nyumbani kwake pana mtoto anayepiga, anayeuma, anayevunja vitu, anayekataa kila aambiwalo au anayerudishwa na walimu mara kwa mara, na ambaye tayari amejaribu kila alilolijua. Sehemu kubwa inahusu watoto wa kati ya miaka 2 na 7, kwa kuwa huo ndio umri ambao tabia hubadilika kwa wepesi zaidi. Vijana wana swali lao huko mbele.

Nitajuaje kwamba tabia ya mtoto wangu imevuka utundu wa kawaida?

Mtoto mdogo kupiga na kuuma si jambo geni. Watafiti wa Kanada, akiwemo Richard Tremblay wa Montreal, waliofuatilia watoto kwa miaka mingi waliona kwamba ugomvi wa mikono hufikia kilele kati ya miaka 2 na 4, kisha kwa watoto walio wengi hupungua wenyewe kadiri wanavyojifunza kuongea na kusubiri. Kinachotia wasiwasi ni mtoto ambaye ugomvi wake haupungui, au unaongezeka wakati wenzake wametulia.

Wataalamu hutazama muda, mahali na madhara. Ainisho la magonjwa la Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, hutenganisha hali mbili: ya kwanza ni ukaidi na uchokozi wa kudumu, ambao huwa umeendelea kwa miezi 6 au zaidi, na ya pili ni ile ambayo mtoto au kijana huvunja haki za wengine kwa kuumiza, kuiba, kuharibu mali au kudanganya kwa muda mrefu, kama mwaka mmoja. Mzazi hahitaji kujua ni ipi kati ya hizo. Ikiwa mtoto ana fujo nyumbani, kwa bibi na shuleni pia, ikiwa wadogo zake wanamwogopa, ikiwa kila dada wa kazi anaondoka kabla ya mwezi kwisha, au ikiwa ameanza kutesa wanyama, kuchezea moto au kushika kisu kwa hasira, asisubiri akue ndipo aache. Ampeleke akaonekane.

Je, ni mimi niliyemharibu?

Hili ndilo swali ambalo wazazi huliuliza kwa sauti ya chini kuliko yote, mara nyingi baada ya ndugu na majirani kuwatupia ile methali ya mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Jibu la kweli lina pande mbili.

Upande wa kwanza ni kwamba watoto hawazaliwi na tabia moja. Wapo wanaokuja duniani wakiwa wepesi wa hasira, wagumu kutulizwa na wenye kushindwa kusubiri, na ndugu waliolelewa na mama huyo huyo katika nyumba hiyo hiyo hutofautiana sana. Mtoto wa namna hii humchosha mzazi hodari, na humchosha zaidi mzazi anayelea peke yake, mwenye madeni au mwenye huzuni isiyokwisha.

Upande wa pili ulielezwa vizuri na Gerald Patterson na wenzake katika jimbo la Oregon, Marekani, ambao tangu miaka ya 1960 waliingia majumbani mwa watu, wakaketi kimya na kuandika kilichotokea hatua kwa hatua. Chukua jioni moja ya kawaida. Mtoto anataka simu, mama anakataa. Mtoto analia, mama anakataa tena. Mtoto anajitupa chini, anapiga mlango mateke, majirani wanachungulia, na mama, ambaye ugali uko jikoni na kichwa kinamuuma, anampa simu. Kelele zinakoma papo hapo. Mtoto amejifunza kwamba "hapana" ya tatu hugeuka kuwa "ndiyo" akipiga mlango mateke, na mama naye amejifunza kwamba kumpa ndiyo njia ya kupata utulivu. Kesho yake mama anaamua kuwa mkali. Anafoka, anachapa, mtoto ananyamaza, na safari hii mama amejifunza kwamba kufoka kunafaa. Kila upande unamfundisha mwenzake kuanza kwa nguvu zaidi siku inayofuata. Hakuna aliyekusudia ubaya, lakini mzunguko umeshajengeka, na mtoto wa miaka 4 hawezi kuuvunja. Mtu mzima anaweza, akisaidiwa.

Kwa hiyo kumtwisha mzazi lawama ni kosa, na kumwambia kwamba hana la kubadilisha ni kosa kubwa zaidi.

Mwenye shida ni mtoto. Kwa nini naitwa mimi kliniki?

Kwa sababu mtaalamu atakuwa na mtoto saa moja kwa wiki, na wewe utakuwa naye asubuhi, jioni na usiku. Mtoto mdogo anaweza kukaa na mtaalamu, akachora picha nzuri, akajibu kwa adabu, akaondoka, kisha akampiga mdogo wake kabla hajafika kituo cha daladala. Alichofanya chumbani hakihami chenyewe kwenda nyumbani.

Constance Hanf, mwanasaikolojia wa Oregon, ndiye aliyeonyesha mwishoni mwa miaka ya 1960 kwamba mzazi anaweza kufundishwa papo kwa papo, akiwa anacheza na mtoto wake, badala ya kupewa nasaha mezani na kuambiwa akajaribu nyumbani. Katika miaka ya 1970 Sheila Eyberg aliuendeleza mfumo huo ukawa tiba kamili ya mwingiliano wa mzazi na mtoto, nayo ni mojawapo ya tiba zilizofanyiwa utafiti mwingi zaidi kwa watoto wa miaka 2 hadi 7. Yapo mafunzo mengine ya jamaa hiyo, kama yale ya Carolyn Webster-Stratton wa Seattle na ya Matthew Sanders wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia. Majina na mpangilio hutofautiana. Kiini ni kile kile.

Ndani ya chumba hufanyika nini hasa?

Katika tiba ya Eyberg, mzazi na mtoto huketi katika chumba chenye meza, viti na vichezeo vichache vya kujenga, kuchora au kupanga. Mtaalamu huwa upande wa pili wa kioo ambacho yeye huona ndani na wao hawamwoni, na mzazi huvaa kifaa kidogo sikioni. Pasipo na kioo wala kifaa, mtaalamu huketi nyuma ya mzazi na kumnong'oneza.

Awamu ya kwanza ni ya uhusiano. Kwa dakika 5 mtoto ndiye anayeongoza mchezo, na mzazi haamrishi, haulizi maswali wala hakosoi. Kazi yake ni kusema anachokiona ("Unaweka kigae chekundu juu ya cha buluu"), kurudia maneno ya mtoto ili ajue amesikika, kumuiga, na kumsifu kwa kutaja jambo lenyewe. Mtoto akirusha kitu au akidharau, mzazi hugeuka upande na kunyamaza, na pindi mtoto anapotulia hurudi mara moja na sifa: "Asante baba kwa kushika gari taratibu."

Inaonekana ni kazi nyepesi. Si nyepesi. Wazazi wengi hugundua kwamba karibu kila sentensi yao kwa mtoto ni swali au amri: hii rangi gani, kaa vizuri, mbona hivyo, acha. Ili kuvuka kwenda awamu ya pili, mzazi anatakiwa katika dakika 5 atoe sifa 10 zenye kutaja jambo, arudie maneno ya mtoto mara 10, aeleze matendo yake mara 10, na maswali, amri na lawama zikijumlishwa zisifike 3. Mtaalamu mzuri humsifu mzazi kama ambavyo mzazi anafundishwa kumsifu mtoto: "Vizuri sana mama, umenyamaza aliporusha, na sasa ametulia, msifu." Zoezi hilo hufanywa nyumbani kila siku, dakika 5 tu, na halifutwi kama adhabu siku ambayo mtoto amekosa. Siku hizo ndizo anazolihitaji zaidi.

Awamu ya pili ni ya utii. Mzazi hujifunza kutoa amri chache, fupi, moja kwa wakati, zinazosema afanye nini na si aache nini. "Weka viatu mlangoni, tafadhali" ni amri. "Hivi utaacha lini fujo?" si amri, na mtoto hana namna ya kuitii. Akitii, anasifiwa papo hapo. Asipotii, anaonywa mara moja tu, na akiendelea anapelekwa kwenye kiti cha kutulia kwa dakika 3, nyongeza ikiwa sekunde 5 za ukimya, bila hotuba wala matusi. Baada ya hapo hurudishwa kwenye amri ile ile aliyoikataa, kwa hiyo kukaa kitini hakumwondolei kazi. Mtaalamu hupanga na mzazi mapema jambo la kufanya mtoto akikataa kukaa, ili mzazi asilazimike kubuni akiwa na hasira. Ni kwa sababu hii nawasihi wazazi wasianze na kiti peke yake kwa kusikia kwa jirani. Pasipo uhusiano wa awamu ya kwanza, kiti hugeuka kuwa adhabu nyingine tu.

Kumsifu mtoto jeuri si kumdekeza?

Kudekeza ni kumpa anachotaka kwa sababu ya fujo. Hapa anapewa sikio na neno jema kwa sababu ya kutulia, na fujo haimpatii kitu. Sifa ya jumla, kama "mtoto mzuri", haina nguvu. Mtoto hajui amefanya nini. "Umemsubiri mdogo wako amalize, asante" humwambia jambo la kurudia kesho.

Nisipomchapa, atanisikia?

Wanaouliza hivi si wazazi wakatili. Wengi walichapwa wenyewe, wakakua, na wanaona fimbo ndiyo iliyowanyoosha. Swali lao linastahili jibu la heshima.

Fimbo huleta ukimya wa haraka, na hapo ndipo inapodanganya. Haimfundishi mtoto afanye nini badala yake, na mtoto ambaye tayari ni mpigaji huonyeshwa kila siku kwamba mwenye nguvu hupiga. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 uligundua kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Kama vipigo vingekuwa dawa ya tabia, wazazi waliojaa kwenye foleni za kliniki wasingekuwepo, maana karibu wote huanza maelezo yao kwa kusema, "Nimemchapa mpaka nimechoka."

Kuna ushahidi mwingine unaonigusa zaidi. Mwaka 2004 Mark Chaffin na wenzake walichapisha utafiti wa Oklahoma uliohusu wazazi 110 ambao tayari walikuwa wameripotiwa kwa kuwaumiza watoto wao. Waliopata tiba ya pamoja na mtoto walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka miwili, na asilimia 19 kati yao waliripotiwa tena, ilhali kwa waliopata mafunzo ya kawaida ya malezi idadi ilikuwa asilimia 49. Watu wazima ambao jamii ilishawakatia tamaa walibadilika walipofundishwa kwa vitendo.

Sheria nazo hazifanani. Kenya iliondoa viboko shuleni mwaka 2001, na Katiba yake ya 2010 inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya mwili. Tanzania Bara bado ina kanuni zinazoruhusu viboko shuleni chini ya masharti. Mtoto akiwa kwenye tiba, ni vyema mzazi azungumze na mwalimu mkuu na kuomba kwa upole kwamba shule itumie mpango ule ule unaotumika nyumbani.

Tumeanza wiki mbili zilizopita na amezidi. Tuache?

Msiache. Mtoto aliyezoea kwamba akipiga kelele kwa dakika 10 anapewa, siku asipopewa atajaribu dakika 20. Anapima kama sheria mpya ni ya kweli. Wiki hizi ndizo ngumu kuliko zote, na mzazi akilegea hapo humfundisha kwamba dakika 20 ndizo zinazotakiwa. Mpigie mtaalamu wako, mwambie hali ilivyo, na kama pana hatari ya mtu kuumia, mpango urekebishwe pamoja naye.

Baba hataki kuja, bibi anampa kila kitu, na mimi nafanya kazi nje ya nchi. Itawezekana?

Anayepaswa kuja ni yule anayelala nyumba moja na mtoto. Kama mama yuko Muscat au Doha kikazi na mtoto yuko kwa bibi yake Tanga au Mombasa, basi bibi ndiye mzazi wa tiba hii, na mama asaidie kwa kutovunja kwa simu kile ambacho bibi amekikataza. Wazee wetu hawapendi kufundishwa malezi na kijana mwenye cheti, na wana haki ya kuheshimiwa. Mtaalamu mwenye busara humwomba bibi amweleze kwanza anavyomfahamu mjukuu wake, maana mara nyingi anamfahamu kuliko wote.

Baba akikataa, anza bila yeye. Mlezi mmoja mwenye msimamo huleta mabadiliko, japo wawili huyaleta upesi zaidi, na akina baba wengi huja wenyewe wanapoona nyumba imetulia. Mwambie jambo moja tu ambalo angeweza kulishika: asifute mbele ya mtoto kile ulichokisema.

Hakuna dawa ya kumtuliza?

Kwa ukaidi na ugomvi wenyewe, dawa si hatua ya kwanza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo visivyo na mabingwa unaelekeza kuanza na mafunzo kwa walezi. Dawa zina nafasi yake pale ambapo chini ya tabia pana hali nyingine, kama kukosa utulivu na umakini kwa kiwango kikubwa, na hutolewa na daktari anayemfuatilia mtoto. Usimpe mtoto dawa za usingizi au za mafua ili alale.

Kabla ya tiba yoyote mtoto apimwe mwili. Mtoto asiyesikia vizuri huonekana mkaidi. Kifafa cha kuduwaa huonekana kama dharau. Usonji, kuchelewa kuongea, kukosa usingizi na ukatili aliofanyiwa na mtu mzima vyote huweza kujitokeza kama fujo. Madaktari nchini Uganda wameeleza pia watoto waliopona malaria ya ubongo wakabaki na ugomvi na kukosa utulivu ambao hawakuwa nao kabla. Kama mabadiliko yalianza ghafla baada ya homa kali, kuanguka au kuhamia nyumba nyingine, mwambie daktari hata asipokuuliza.

Watu wanasema ana majini. Nimpeleke wapi kwanza?

Dua na maombi hayapingani na kliniki, na sijaona sababu ya mtaalamu kumdhihaki mzazi kwa imani yake. Mpaka uko kwenye mwili wa mtoto: asifungwe, asinyimwe chakula, asichanjwe chale, asipigwe ili kitu kimtoke, na asiachwe peke yake na mtu anayekataza mzazi kuwepo.

Wangu ana miaka 14 na ameanza kuiba. Nimechelewa?

Hujachelewa, ila tiba hubadilika. Kijana hachezi vigae kwa dakika 5. Scott Henggeler na wenzake wa South Carolina walianzisha tiba inayofuata familia nyumbani: mtaalamu huwa na familia chache, hupatikana saa 24, na kwa miezi 3 hadi 5 hufanya kazi na mzazi, shule na marafiki wa kijana kwa pamoja. Ni ghali, na kwetu haijazoeleka. Kilicho karibu nasi ni mafunzo ya wazazi na vijana ya Parenting for Lifelong Health, yaliyotayarishwa na watafiti wa Afrika Kusini na Uingereza pamoja na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, yenye vikao 14 vya mzazi na kijana wake. Yalijaribiwa Rasi ya Mashariki, Afrika Kusini, na ukatili wa walezi dhidi ya vijana ulipungua. Tanzania yalifika kwa jina la Furaha Teens na kuhudhuriwa na maelfu ya familia.

Jambo la kuepuka ni kumtisha kwa kumpeleka akaone gereza. Programu za aina hiyo zilivuma Marekani kuanzia gereza la Rahway, New Jersey, katika miaka ya 1970, na majaribio yalipojumlishwa ilionekana kwamba vijana waliopelekwa walivunja sheria zaidi kuliko wasiopelekwa. Kuwakusanya vijana wakorofi kwenye kundi moja bila wazazi wao nako huweza kuwafanya wafundishane.

Kuna tiba za hatari?

Zipo. Mwaka 2000, huko Colorado, Marekani, msichana wa miaka 10 alikufa kwa kukosa hewa baada ya kufungwa mashuka na kukandamizwa na watu wazima katika kile kilichoitwa tiba ya kuzaliwa upya, huku akisema hawezi kupumua. Jimbo hilo lilipiga marufuku tiba hiyo mwaka uliofuata. Mtu yeyote anayekuambia kwamba mtoto lazima ashikiliwe, abanwe au avunjwe kiburi ndipo apone, muage na uondoke na mtoto wako. Vivyo hivyo na nyumba za kurekebisha tabia zinazomchukua mtoto kwa miezi na kumkataza mzazi kumtembelea.

Nianzie wapi?

Anza kwenye kituo cha afya au kwa afisa ustawi wa jamii wa eneo lako na uombe rufaa. Muhimbili jijini Dar es Salaam, Kidongo Chekundu mjini Zanzibar na Mathari jijini Nairobi ni hospitali za umma zenye wataalamu wa afya ya akili. Namba 116, simu ya kumsaidia mtoto, hupigwa bure Tanzania, Kenya na Uganda. Ukimpata mtaalamu, muulize kama mzazi huwa ndani ya kikao, kama atakuona ukifanya au atakusimulia tu, na maendeleo hupimwa vipi.

Tiba huchukua muda gani, na matatizo yakirudi?

Kwa watoto wadogo ni vikao 12 hadi 20 hivi, vya kila wiki, ingawa tiba ya Eyberg haihesabu wiki bali humalizika mzazi anapomudu stadi za awamu zote mbili na alama za mtoto kwenye dodoso la Eyberg la maswali 36 kuhusu tabia zinaposhuka hadi kiwango cha watoto wengine. Tabia huweza kurudi kwa muda anapozaliwa mdogo wake, anapohama shule au panapotokea msiba. Rudisha zile dakika 5 za mchezo kila siku kwa wiki kadhaa, punguza amri, na kama hali haibadiliki, omba kikao kimoja au viwili vya kukumbushwa. Hakuna kliniki inayofaa ambayo itaona ajabu kwamba umerudi.